Uso wa Hapana

Mwenyekiti wa kijiji anapomaliza kusoma ajenda ya mchango wa darasa, kabla hajatamka "wanaokubali wanyooshe mikono", tayari ameshahesabu kura kwa macho. Ametupa jicho kwa wazee walioketi kwenye viti vya mbele, akaona mmoja amekunja ndita. Amewatazama akina mama waliokaa chini wamenyoosha miguu, hakuna aliyebetua mdomo. Nyuma kabisa, kwenye pikipiki zao, vijana wa bodaboda wanacheka na kunong'onezana. Hesabu imekamilika kichwani mwake: mzee yule anapinga, akina mama wameridhia, vijana wanadharau mkutano. Na hadi hapo hakuna aliyefungua kinywa.

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Katika Kata ya Ihanja, Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, kama ilivyo katika vijiji vingine vyote vya Tanzania Bara, hapo ndipo panapoamuliwa mambo yanayogusa mfuko na tumbo la mtu: mchango wa zahanati, njia ya mifugo, ardhi inayoombwa na mgeni, ng'ombe walioingia kwenye shamba la alizeti. Watu wanakaa wakitazamana usoni. Wengi wanafahamiana tangu utotoni, na kila mmoja anaamini kwamba anaweza kumsoma mwenzake kabla hajasema neno. Imani hiyo ndiyo inayozungumzwa leo, wasikilizaji, kwa sababu wanasaikolojia wameichunguza kwa miaka mingi, na sehemu ya uchunguzi huo imefanyika jirani kabisa na Singida.

Kwanza ni haki kukubali kwamba mwenyekiti hana kichaa. Uso unasema kitu. Mwaka 2016 watafiti watatu, Fabian Benitez-Quiroz, Ronnie Wilbur na Aleix Martinez, walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani. Waliwapiga picha za video wanafunzi 158 wakizungumza katika lugha zao: Kiingereza, Kihispania, Kichina cha Mandarin na lugha ya alama ya viziwi wa Marekani. Baadhi ya maswali yalitungwa makusudi ili kumchokoza mtu apinge. Fikiria mwanafunzi anaambiwa kwamba utafiti fulani umependekeza ada ipandishwe kwa asilimia 30, halafu anaulizwa yeye anaonaje. Kamera inamwangalia.

Watafiti walipozipitia picha hizo moja baada ya nyingine, tena kwa msaada wa kompyuta, waliona sura ileile ikijirudia katika lugha zote nne. Nyusi zinashuka na kukaribiana kama za mtu mwenye hasira. Kidevu kinainuka kama cha mtu aliyekutana na kinyaa. Midomo inabanwa kama ya mtu mwenye dharau. Vitu hivyo vitatu vikikutana, mtu anakuwa amesema "hapana" au "sikubaliani". Watafiti wakaiita sura hiyo uso wa hapana. Ikaonekana pia kwamba inakuja na kuondoka kwa kasi ileile ya silabi za maneno, yaani ni sehemu ya kuzungumza kwenyewe. Kwa viziwi ilikwenda mbali zaidi: wapo waliokanusha sentensi nzima kwa uso peke yake, bila ishara ya mkono na bila kutikisa kichwa. Uso ukawa ndio neno.

Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1979, John Cacioppo na Richard Petty walikuwa wameonyesha jambo jingine linaloshangaza. Waliwabandika wanafunzi vidude vidogo usoni vya kupima umeme wa misuli, kisha wakawaambia kwamba watasikiliza hotuba. Wengine walielezwa kwamba hotuba inaunga mkono msimamo wao, wengine kwamba inaupinga. Kabla hotuba haijaanza, misuli ya uso ilikuwa tayari imegawanyika, na ikaendelea hivyo wakati wa kusikiliza. Kwa jicho la kawaida nyuso zilikuwa zimetulia tu. Ni chombo kilichogundua. Kwa hiyo mwili wa mtu unaanza kujihami dhidi ya maoni asiyoyapenda pale tu anapoambiwa kwamba yanakuja. Aliyewahi kukaa mkutanoni akasikia "sasa namkaribisha fulani", na fulani huyo akawa ni yule wa upande wa pili, anaijua hali hiyo kifuani mwake.

Basi mwenyekiti ana haki ya kutazama. Tatizo linaanza pale anapohitimisha.

Dhana kwamba nyuso za binadamu wote zinasomeka kwa namna moja ina historia ndefu. Charles Darwin aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka 1872. Karne moja baadaye, Paul Ekman na Wallace Friesen walikwenda kwa watu wa kabila la Fore huko Papua New Guinea, wakawasimulia habari fupi fupi, za mtu aliyefiwa na mtoto kwa mfano, kisha wakawaomba wachague picha ya uso unaofaa. Matokeo yao ya mwaka 1971 yakasomeshwa vyuoni duniani kote: furaha, huzuni, hasira, woga, mshangao na kinyaa, kila kimoja na sura yake, popote ulipo.

Halafu likaja swali lililowagusa majirani wa Ihanja. Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa asali, mizizi na matunda ya porini, wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi. Baadhi yao wako Mkalama, ndani ya mkoa huuhuu wa Singida. Hoja ya wanasayansi wengi ilikuwa kwamba sura za hisia zilizaliwa zamani sana, wakati mababu wa binadamu wote wakiishi kwa kuwinda na kukusanya. Kama ni kweli, Wahadzabe wangepaswa kuzisoma bila shida yoyote. Maria Gendron, Lisa Feldman Barrett na Alyssa Crittenden, pamoja na wenzao, walikwenda kuwauliza wenyewe, na mwaka 2020 wakachapisha walichokipata. Ushahidi wa kwamba Wahadzabe wanaziona katika picha zile hisia zilezile anazoziona msomi wa Marekani ulikuwa mdogo sana. Watafiti wakaona kwamba maana ya uso mtu hujifunza kwa watu aliokulia nao.

Hawakuwa peke yao. Katika visiwa vya Trobriand, vilivyo sehemu ya Papua New Guinea hiyohiyo aliyokwenda Ekman, Carlos Crivelli na wenzake waliwaonyesha watu picha ya uso uliotoa macho na kuachama, ambao vitabu vinauita uso wa woga. Wenyeji wengi walisema huyo anatisha, anataka kushambulia. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2016. Picha ni ileile: mmoja anamwona mtu wa kuhurumiwa, mwingine anamwona mtu wa kukimbiwa.

Mwaka 2019 Barrett aliungana na wanasayansi wengine wanne, wenye misimamo inayotofautiana, wakapitia tafiti zilizokuwapo. Mmoja wao alikuwa Aleix Martinez, yuleyule wa uso wa hapana. Hili linastahili heshima, kwamba mtu aliyegundua sura inayojirudia katika lugha nne alikaa mezani kuchunguza mipaka ya uvumbuzi wa aina hiyo. Waliona kwamba watu wenye hasira hukunja uso chini ya mara tatu katika kila kumi. Saba zilizobaki hasira ipo, ila uso unafanya jambo jingine: unatabasamu, unalia, au unakauka tu. Na upande wa pili, watu hukunja uso bila hasira yoyote, wakiwa wanafikiri sana, wanaumwa tumbo, au wamepigwa na jua.

Turudi kwa yule mzee aliyekunja ndita. Mwenyekiti angeweza kumuuliza, "Mzee wangu, naona hili halijakupendeza?" Na haingekuwa ajabu kusikia, "Mchango sina neno nao, mwanangu. Kivuli kimehama, jua linanipiga machoni." Na mama aliyekaa kimya uso umetulia huenda ndiye anayepinga kuliko wote, maana ameshachangia darasa mwaka jana na hajaona tofali. Ametulia kwa sababu mume wake yupo, baba mkwe wake yupo, na mbele ya hao hakulelewa kubishana. Uso wake unaonyesha adabu. Maoni yake yako ndani, na ajenda inapita.

Mtaalamu anayetoka mjini, au mfadhili aliyekuja na mkalimani, hupotea vibaya zaidi. Kijana anayezungumza na mkubwa wake huku ameinamisha macho anaonekana kwa mgeni kuwa anaficha jambo, wakati kwao kumkazia macho mkubwa ndiko utovu wa nidhamu. Kuguna tu, ile "mmh" ya puani, kunaweza kuwa kukubali, kushangaa au kukataa kabisa, kutegemea sauti imepanda au imeshuka. Kusonya ndiko hakuna utata; mtu akikusonya umesonywa. Ishara hii ina safari ya kusisimua. Mwaka 1976 John na Angela Rickford waliandika kuhusu kusonya na kumkata mtu jicho miongoni mwa watu weusi wa Karibea na Marekani, wakaonyesha kwamba chimbuko lake ni Afrika. Wazungu wengi waliokulia Marekani hiyohiyo hawakujua maana yake. Watu walivukishwa bahari kwa minyororo wakanyang'anywa hata majina yao, lakini namna ya kusema "sikubaliani nawe" kwa mdomo na jicho ilivuka nao, na bwana mwenye shamba akiwa amesimama palepale hakuielewa.

Lakini kusoma uso vibaya si suala la adabu za mkutano tu. Katika nchi hii kumetoa roho za watu. Mikoa ya ukanda huu, kuanzia Shinyanga na Simiyu hadi Tabora na Singida, inajua habari za vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na moja ya "dalili" zilizotajwa mno ni macho mekundu. Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwenye nyumba isiyo na dirisha, akichochea kuni mbichi au samadi kavu ya ng'ombe, macho yake yatakuwa mekundu. Ni moshi. Wakati mwingine ni trakoma, ugonjwa ambao umewasumbua sana watu wa mikoa ya kati. Mtu anatazama macho yale, anaona roho mbaya, na anaita wenzake. Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, ng'ambo tu ya mpaka wa Singida, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 alionyesha kwamba miaka ya ukame au mafuriko mauaji hayo yaliongezeka mara mbili hivi ya miaka ya mvua za kawaida, na waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee. Macho ya bibi hayakubadilika mwaka wa ukame. Yalikuwa mekundu mwaka uliotangulia pia. Kilichobadilika ni njaa ya waliokuwa wakiyatazama. Hakuna utafiti wa maabara unaoweza kueleza kwa uchungu zaidi ya huo jinsi mtazamaji anavyoweza kuweka usoni mwa mwenzake kile alichonacho yeye mwenyewe.

Kwa nini basi watu wanang'ang'ania kusoma nyuso, wakati kuuliza hakugharimu kitu? Sehemu ya jibu ni kwamba watu wanaogopa jibu. Jeremy Frimer, Linda Skitka na Matt Motyl, katika utafiti wa mwaka 2017, waliwaambia Wamarekani: ukikubali kusoma hoja za wanaokupinga, utaingia kwenye bahati nasibu ya dola 10, ukisoma za wanaokubaliana nawe, ni dola 7. Wengi wa pande zote mbili za siasa walichagua dola 7. Walikuwa tayari kupoteza pesa ili wasisikie. Ni hasara ndogo, lakini hata Ihanja wapo wanaotoka mkutanoni "kwenda kuangalia ng'ombe" mara tu mtu fulani anaposimama.

Woga huo, bahati nzuri, umezidishwa na kichwa. Charles Dorison, Julia Minson na Todd Rogers, mwaka 2019, waliwauliza watu watajisikiaje wakisikiliza hoja za upande wa pili, kisha wakawasikilizisha na kuwauliza tena. Watu walitabiri kwamba wataumia kuliko walivyoumia kweli. Walitarajia matusi na upuuzi. Walichokutana nacho, mara nyingi, ni maneno ambayo mengine walikuwa hata wanayakubali.

Tanzania ina mfano mkubwa wa nchi nzima kuuliza badala ya kukisia. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikapita Bara na Visiwani kuwauliza wananchi kama waendelee na chama kimoja au waruhusu vingi. Karibu asilimia 80 walitaka chama kiendelee kuwa kimoja. Kama kazi ingekuwa kutazama nyuso za umati uwanjani, jibu lilikuwa wazi, na asilimia 20 hivi ya wenye maoni tofauti wangemezwa na vigelegele. Tume iliwasikia, ikayaandika waliyoyasema, na ikapendekeza vyama vingi, kwa kuona kwamba mtu mmoja katika kila watano si wa kupuuzwa. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Mwaka 1994 chaguzi za serikali za mitaa zikafanyika chini ya vyama vingi, na tangu hapo mikutano ya vijiji imekuwa na watu ambao upinzani wao unatambuliwa na sheria. Kulikubali jambo hilo moyoni ni kazi inayoendelea hadi leo, na wapo viongozi wa vijiji ambao bado wakiona uso uliokunjwa wanauliza kwanza kadi ya chama.

Hapa redio inaingia, kwa sababu redio haina uso. Mtu anaweza kudhani kwamba msikilizaji anakosa nusu ya ujumbe. Michael Kraus wa Chuo Kikuu cha Yale alifanya majaribio matano, akayachapisha mwaka 2017, akilinganisha watu wanaosikia sauti tu na wale wanaoona uso pamoja na kusikia. Waliosikia sauti tu ndio waliokadiria vizuri zaidi mwenzao anajisikiaje. Mtu amezoea kuupanga uso wake tangu utotoni, kutabasamu mbele ya mgeni, kukauka mbele ya mkubwa. Sauti ni ngumu kuipanga kiasi hicho. Inakwama, inapanda, inapumua, na yule asiyetazama kitu kingine anaisikia vyema.

Mwaka huohuo wa 2017 Juliana Schroeder, Michael Kardas na Nicholas Epley walichukua watu wenye misimamo inayopingana juu ya mambo mazito, kama vita na utoaji mimba, wakawapa hoja za mpinzani kwa njia mbalimbali. Waliosoma hoja hizo kwa maandishi walimwona mpinzani kama mtu mwenye upungufu wa akili na utu. Waliozisikia kwa sauti ya mwenyewe walimwona ni mtu anayefikiri, ingawa hawakukubaliana naye. Hoja zilikuwa za mtu yuleyule.

Matokeo hayo yanafaa kufikiriwa na kila aliyemo katika kundi la WhatsApp la ukoo au la michango ya harusi, ambako siku hizi mabishano ya Ihanja yanamkuta ndugu aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Muscat. Shemeji anaandika mstari mmoja: "Kwani lazima tuchangie wote?" Hauna uso, hauna sauti, na kila msomaji anausoma kwa sauti anayoijua yeye, mara nyingi ile ya ugomvi wa mwaka juzi. Ndani ya saa moja watu wawili wametoka kwenye kundi. Yeye alikuwa akiuliza kama waliofiwa mwezi uliopita wanaweza kupumzishwa mchango. Kabla ya kumjibu kwa maandishi, mtu angempigia simu, au angemwomba arekodi sauti: "Shemeji, hebu nieleze vizuri, ulikuwa unamaanisha nini?" Kisha amwache amalize.